Jinsi ya Kuchambua Mapigano na Hatua za Mageuzi katika Vita vya Ukombozi wa Msumbiji

Mwanafunzi anayetakiwa kueleza vita vya ukombozi wa Msumbiji kwa kawaida huandika orodha: Mueda 1960, Chai 1964, kifo cha Mondlane 1969, Mkataba wa Lusaka 1974, uhuru 1975. Hakuna uongo katika orodha hiyo, lakini anayeisoma hadi mwisho bado haoni kwa nini jeshi la Ureno, lililokuwa na ndege, helikopta na makumi ya maelfu ya askari, lilishindwa kuwazima wapiganaji ambao siku walipoanza, waliokuwa wamepata mafunzo kamili walikuwa 250 hivi. Mwongozo huu umekusudiwa kwa mwalimu, kwa mwanafunzi wa kidato cha tano na sita, na kwa yeyote anayeandika makala kuhusu vita hivyo. Unashughulikia swali moja la kazi: tutajuaje kwamba tukio fulani liligeuza mwelekeo wa vita, na kwamba jingine, hata kama lilitumia mizinga mingi, lilipita tu?

Kipimo ninachokipendekeza ni rahisi kukitaja na kigumu kukitumia. Kwa kila tukio, uliza ni upande gani uliweza kufanya baada yake jambo ambalo usingeliweza kabla yake, na ni upande gani ulipoteza uwezo uliokuwa nao. Idadi ya risasi, ukubwa wa vikosi, na hata nani alibaki uwanjani moshi ulipotulia, ni mambo ya kuandikwa kwa uangalifu, ila hayatoshi kutoa hukumu.

Anza na ramani, kalenda ifuate

Kabla ya kuandika tarehe hata moja, chora ramani ya Msumbiji na uweke mambo manne: mto Ruvuma upande wa kaskazini, nchi ya Malawi iliyojipenyeza katikati, mpaka wa Zambia upande wa Tete, na njia ya reli na barabara itokayo bandari ya Beira kwenda Rhodesia (leo Zimbabwe). Kisha weka alama ya Lourenço Marques, mji mkuu wa Wareno ambao leo unaitwa Maputo, kusini kabisa karibu na Afrika Kusini. Ukiitazama ramani hiyo kwa dakika chache utaona jambo ambalo orodha ya tarehe haiwezi kukuonyesha: vita vilianza mahali palipokuwa mbali kuliko pote na makao ya serikali, na kwa miaka kumi vilikuwa vikisogea kuelekea kusini, hatua kwa hatua, kufuata njia ambazo silaha, dawa na unga viliweza kupita.

Mfano mzuri ni wa mwaka wa kwanza. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 kwa kuunganisha vyama vya UDENAMO, MANU na UNAMI, haikupanga kupigana kaskazini peke yake. Mwaka 1964 vikundi vyake vilipelekwa pia Tete na Zambezia, lakini huko mapigano yalizimika baada ya muda mfupi. Msomaji asiye na ramani atatafuta sababu katika ujasiri wa watu au ukali wa Wareno. Mwenye ramani ataona kwamba njia ya kwenda huko ilipita Malawi, nchi iliyokuwa imepata uhuru Julai 1964 na ambayo rais wake, Hastings Banda, alizitegemea bandari za Wareno na hakutaka ugomvi nao. Zambia nayo, wakati risasi za kwanza zinapigwa, ilikuwa bado imebakiza mwezi mmoja kupata uhuru wake. Palipobaki ni Cabo Delgado na Niassa, majimbo yanayopakana na Tanzania.

Upande wa Tanzania wa ramani hiyo usiachwe mtupu. Weka Dar es Salaam, yalikokuwa makao makuu ya FRELIMO na ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Weka Bagamoyo, Kongwa, Mtwara, Tunduru, na juu ya yote Nachingwea, ambako Samora Machel, kamanda ambaye baadaye alikuwa rais wa FRELIMO, aliijenga kambi kuu ya mafunzo. Ni vyema kukumbuka, ingawa vitabu vya shule huliruka jambo hili, kwamba Kongwa na Nachingwea vilikuwa vituo vya ule mradi wa karanga ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1947 na ukaanguka vibaya miaka michache baadaye. Mradi ulioshindwa kutoa karanga uliacha nyuma ardhi iliyofyekwa, barabara na majengo, na wapigania uhuru wakavirithi.

Jambo la mwisho la ramani ni mvua. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili barabara za udongo za kaskazini mwa Msumbiji hugeuka tope, malori hukwama na ndege hazioni chini. Majani nayo hurefuka, na anayetembea kwa miguu hupata pa kujificha. Kwa hiyo ukiona operesheni kubwa ya Wareno imeanza Julai, usishangae, na ukiona wapiganaji wamevuka mto au wamesogeza kambi wakati wa masika, tambua kwamba majira yenyewe yalikuwa upande wao.

Tenganisha chanzo, mwanzo na mageuzi

Waandishi wengi huyachanganya mambo haya matatu. Mueda ni chanzo. Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika mbele ya ofisi ya utawala katika uwanda wa juu wa Wamakonde, gavana wa jimbo akiwapo, kusikiliza majibu ya madai yaliyowasilishwa na Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane. Viongozi hao wakakamatwa, umati ukachachamaa, askari wakafyatua risasi. Mauaji hayo hayakumpa mtu yeyote uwezo wa kijeshi. Yalichofanya ni kuiondoa imani kwamba Mreno angeweza kuombwa kwa adabu akakubali, na Wamakonde waliokuwa wakifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika walizipokea habari hizo kama msiba wa nyumbani.

Chai ni mwanzo. Usiku wa tarehe 25 Septemba 1964 kikundi kilichoongozwa na Alberto Chipande kilishambulia kituo cha utawala cha Chai, Cabo Delgado, na Msumbiji huiadhimisha tarehe hiyo kila mwaka. Ukilipima kijeshi, shambulio la Chai lilikuwa dogo sana. Lakini tumia kipimo chetu. Wakati huo FRELIMO haikuwa peke yake. Kulikuwa na vyama na vikundi vingine vilivyodai kuwawakilisha watu wa Msumbiji, na baadhi ya viongozi walioingia katika muungano wa 1962 walikuwa wameshajitoa. Baada ya Chai, chama kilichokuwa kinapigana kilijulikana, na kwa kuwa misaada ya Kamati ya Ukombozi iliwaendea waliokuwa wakipigana, washindani wake walianza kukauka. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye uzito wa Chai. Anayelieleza kama pigano kubwa analipamba bila sababu, na anayelidharau kwa udogo wake anapitwa na maana yake.

Kuanzia hapo hadi 1967 unaweza kwenda haraka. Ni miaka ya kuvizia misafara, kutega mabomu ya ardhini barabarani, kuharibu madaraja madogo, na kuwahamisha wananchi kwenda maeneo yaliyokombolewa, ambako mashamba, shule na maduka ya ushirika yalianzishwa. Tukio moja la kusimama nalo ni kifo cha Filipe Samuel Magaia, mkuu wa ulinzi wa FRELIMO, aliyeuawa Niassa Oktoba 1966, kwa kuwa nafasi yake ilichukuliwa na Samora Machel. Jingine ni kuanzishwa kwa kikosi cha wanawake mwaka 1967, ambacho ndani yake alikuwamo Josina Machel, aliyekuja kuwa mke wa Samora. Wanawake hao walipewa mafunzo ya silaha, lakini athari kubwa ya kazi yao ilikuwa katika uchukuzi na katika kuzungumza na wanavijiji. Mwandishi anayewataja kwa sentensi moja ya heshima kisha akawaacha amekosa kuona kwamba bila wapagazi vita hivyo visingepata hata risasi za wiki moja.

Usisahau kuchambua ugomvi wa ndani

Mwaka 1968 na 1969 ni mahali ambapo mwongozo wowote wa haki unapaswa kukaa kwa muda mrefu, kwa kuwa hatari kubwa kwa FRELIMO katika miaka hiyo ilitoka Dar es Salaam na Mtwara zaidi kuliko ilivyotoka kwa Wareno.

Anza na upande wa mafanikio. Machi 1968 mapigano yalifunguliwa upya Tete, safari hii silaha zikipitia Zambia. Julai mwaka huohuo FRELIMO ilifanya mkutano mkuu wake wa pili huko Matchedje, Niassa, ndani ya ardhi ya Msumbiji. Mkutano si pigano, na ndiyo maana wengi huuacha. Hata hivyo fikiria maana yake: wajumbe kutoka majimbo mbalimbali walikusanyika kwa siku kadhaa mahali ambapo Ureno ilidai kupatawala, wakajadiliana na kupiga kura, na ndege za Wareno zikaja kupiga mabomu wakati wajumbe wameshatawanyika. Hapo kuna badiliko la uwezo ambalo hakuna taarifa ya kijeshi ingeweza kulifuta.

Halafu weka upande wa pili. Machi 1968 fujo zililipuka katika Taasisi ya Msumbiji jijini Dar es Salaam, shule iliyoongozwa na Janet Mondlane, mke wa rais wa FRELIMO Eduardo Mondlane, ambako wanafunzi waliochochewa na padri Mateus Gwenjere waligoma kupelekwa msituni na kuwakataa walimu weupe. Mei ofisi za chama zilivamiwa. Lazaro Nkavandame, mwenyekiti wa Cabo Delgado, alikuwa akigombana na makamanda kuhusu biashara ya ushirika na kuhusu nani mwenye mamlaka ya mwisho, wazee wa jimbo au jeshi. Alisimamishwa Januari 1969, na muda si mrefu akajisalimisha kwa Wareno. Katikati ya hayo, tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane alifungua kifurushi chenye kitabu kilichotegwa bomu, katika nyumba iliyo ufukweni Dar es Salaam, akafa papo hapo.

Hapa kuna mitego miwili kwa mwandishi. Wa kwanza ni kuyaeleza mauaji ya Mondlane kama mageuzi kwa sababu tu alikuwa mtu mkubwa. Kifo cha kiongozi hugeuza vita pale kinapobadilisha namna ya kupigana au umoja wa wanaopigana, na hilo inabidi lionyeshwe kwa yaliyofuata: Aprili 1969 uongozi ulikabidhiwa watu watatu, Uria Simango, Samora Machel na Marcelino dos Santos, Novemba Simango alitoa waraka wa kuwashutumu wenzake na akaondolewa, Mei 1970 Machel akawa rais. Mageuzi yako hapo, katika kuhama kwa mamlaka kutoka kwa wanasiasa wa Dar es Salaam kwenda kwa makamanda wa Nachingwea. Vita vilivyofuata viliongozwa na watu waliokuwa wakijua hali ya kila kambi.

Mtego wa pili ni kuikubali simulizi ya mshindi bila kuihoji. Historia rasmi ya FRELIMO iliueleza mgogoro huo kama pambano kati ya wanamapinduzi na wasaliti. Simango, Gwenjere na Nkavandame waliuawa baada ya uhuru bila kesi ya haki mahakamani, kwa hiyo hawakupata nafasi ya kuandika upande wao wa historia hiyo vita vilipokwisha. Kuhusu bomu, polisi wa siri wa Ureno, waliojulikana kama PIDE, ndio wanaotajwa zaidi, na mjadala kuhusu nani ndani ya chama aliwasaidia haujafungwa. Andika hivyo hivyo. Mwandishi hapotezi heshima kwa kulieleza jambo linalobishaniwa kuwa linabishaniwa.

Pigano lililoshinda na kushindwa: Nó Górdio

Operesheni kubwa kuliko zote za vita hivi ilianza tarehe 1 Julai 1970. Jenerali Kaúlza de Arriaga, aliyekuwa amepewa amri ya majeshi yote ya Ureno nchini Msumbiji, alikusudia kuumaliza uasi wa Cabo Delgado kwa pigo moja, na akaipa operesheni jina la Nó Górdio, lile fundo la hadithi za Wagiriki ambalo Aleksanda alilikata kwa upanga. Mbinu ilifanana na ile ya Wamarekani huko Vietnam: kuzingira eneo la uwanda wa Wamakonde, kulipiga kwa mizinga na ndege, kisha kuwashusha makomando na askari wa miavuli kwa helikopta huku matingatinga yakifungua barabara porini. Kambi kubwa za wapiganaji, zikiwamo zile zilizoitwa Gungunhana na Moçambique, zilitekwa. Silaha zilikusanywa na wafungwa wakaonyeshwa. Kwa vigezo vya taarifa ya habari, Ureno ilikuwa imeshinda.

Sasa fanya zoezi ambalo ni kiini cha mwongozo huu. Gawa karatasi sehemu mbili. Upande mmoja andika malengo yaliyotangazwa kabla ya operesheni, na upande wa pili hali ilivyokuwa miezi sita baadaye. Lengo la kwanza lilikuwa kuharibu kambi, nalo lilitimia. Lengo la pili lilikuwa kuufunga mpaka wa Ruvuma, nalo halikutimia, kwa sababu mpaka ule ni mrefu, mto unavukika kwa mitumbwi, na wakati wa kiangazi kuna sehemu nyingine unavukika kwa miguu. La tatu lilikuwa kuliangamiza jeshi la FRELIMO. Wapiganaji walio wengi walikwisha kutawanyika katika vikundi vidogo, na badala ya kurudi kuzipigania kambi, uongozi ukaamua kuongeza nguvu Tete. Kabla ya mwaka 1970 kwisha vikundi vya FRELIMO vilikuwa vimeuvuka mto Zambezi na kuingia kusini yake.

Hesabu yake ni nyepesi. Ureno ilikusanya askari, helikopta na fedha nyingi katika pembe moja ya nchi. Adui yake akahamia pembe nyingine iliyobaki na ulinzi mwembamba. Nguvu kama ile haikuweza kukusanywa tena, kwa sababu Ureno wakati huohuo ilikuwa inapigana Angola na Guinea (leo Guinea-Bissau), na hazina yake haikuwa na kina. Kwa hiyo, ukitakiwa kutaja pigano moja lililogeuza vita hivi, taja Nó Górdio, kisha ueleze bila kusita kwamba liligeuza dhidi ya aliyelishinda.

Mfano wa kinyume chake uko Tete kwenyewe. Mwaka 1969 Ureno ilianza ujenzi wa bwawa la Cahora Bassa juu ya mto Zambezi, ambalo umeme wake ulikusudiwa kwenda kwa makaburu wa Afrika Kusini. FRELIMO ilitangaza kwamba italizuia bwawa hilo lisijengwe. Haikuweza. Misafara ya saruji na mitambo ilishambuliwa, barabara zilitegwa mabomu, lakini ukuta uliendelea kupanda na ulikuwa umekamilika kufikia mwisho wa 1974. Anayepima kwa malengo yaliyotangazwa ataandika kwamba FRELIMO ilishindwa, na atakuwa sahihi kwa nusu. Nusu iliyobaki ni kwamba Ureno ililazimika kulizunguka bwawa na barabara zake kwa maelfu ya askari waliokaa kulinda badala ya kuwasaka wapiganaji, na kupitia nafasi hiyo FRELIMO ilishuka hadi Manica na Sofala, ambako mapigano yalianza Julai 1972. Hapo ilikuwa imeifikia njia ya Beira, na vita vikaanza kusikika kwenye mashamba ya walowezi. Tete hiyohiyo iliwapa wapiganaji wa ZANLA, waliopigania ukombozi wa Rhodesia, njia ya kuingia kaskazini-mashariki mwa Rhodesia mwishoni mwa 1972, jambo linalotosha kuwa makala nyingine.

Namna ya kushughulikia mauaji na tarakimu

Kwa kila mauaji ya raia andika tarehe mbili: siku yalipotokea na siku ulimwengu ulipojua. Tarehe 16 Desemba 1972 makomando wa Ureno waliingia Wiriyamu na vijiji jirani, kusini mwa mji wa Tete, wakaua mamia ya wanaume, wanawake na watoto. Kwa zaidi ya nusu mwaka habari hizo zilizunguka miongoni mwa mapadri na wamisionari waliokuwa wakikusanya majina ya waliokufa. Ndipo tarehe 10 Julai 1973 gazeti la The Times la London lilipochapisha maelezo yaliyotolewa na padri Adrian Hastings, siku chache kabla ya waziri mkuu wa Ureno, Marcelo Caetano, kufika London kwa ziara rasmi. Ziara iliyokusudiwa kuonyesha urafiki wa kale ikageuka aibu, na serikali ya Lisbon ikaanza kwa kukanusha hata kuwapo kwa kijiji chenyewe. Kwa kipimo chetu, mageuzi ni ya Julai 1973, wakati Ureno ilipopoteza uwezo wa kujieleza mbele ya washirika wake kama mlinzi wa ustaarabu. Ila usiuruke Desemba 1972 ukakimbilia diplomasia. Waliokufa walikuwa na majina, na orodha ya majina hayo ndiyo iliyouzima ukanushaji.

Idadi za waliokufa zinadai uangalifu zaidi. Kuhusu Mueda, FRELIMO ilisema watu wapatao 600 waliuawa, hali baadhi ya watafiti walioyapitia makaratasi ya Wareno wanataja idadi ndogo mno kuliko hiyo. Kuhusu Wiriyamu, utafiti uliofuata majina ulifikia karibu watu 400. Kanuni ya kufuata ni kutoitaja tarakimu peke yake. Iandikie pembeni nani aliihesabu, lini, na kwa njia gani. Taarifa za vita zilizotolewa Dar es Salaam zilizidisha hasara za Wareno, na zile za Lourenço Marques zilizidisha za FRELIMO, kama yafanyavyo majeshi yote. Ukikusanya madai ya upande wowote kwa mwaka mzima na kuyajumlisha, utapata jeshi lililouawa lote na bado linapigana.

Kwa wasomaji wa Mtwara, Masasi, Newala na Nachingwea iko hazina nyingine, nayo ni wazee. Wengi waliwapokea wakimbizi, walibeba mizigo, au waliishi karibu na kambi. Unapomhoji mzee, usianze kwa kumdai tarehe, kwani atakupa ile aliyoisikia redioni. Muulize mvua za mwaka ule zilikuwaje, nani alikuwa mkuu wa wilaya, mtoto gani alikuwa amezaliwa, kisha utafute tarehe mwenyewe. Muulize pia kuhusu ndege za Wareno zilizovuka Ruvuma, kwa sababu vijiji vya mpakani upande wa Tanzania navyo vilipata mabomu, na sehemu hiyo ya habari haijaandikwa vya kutosha. Makaratasi ya PIDE yamehifadhiwa Lisbon katika nyaraka za taifa za Torre do Tombo na yana mengi, lakini yaliandikwa na wapelelezi waliolipwa kwa habari, na mpelelezi anayelipwa kwa habari hakosi habari.

Jambo moja zaidi ambalo wengi hawapendi kuliandika: kufikia miaka ya mwisho, zaidi ya nusu ya askari wa Ureno nchini Msumbiji walikuwa wazaliwa wa Msumbiji. Wengine walilazimishwa, wengine walifuata mshahara, wengine walikuwa na ugomvi wao wa kale na majirani waliokuwa FRELIMO. Makala inayowaacha watu hao nje haitaweza kueleza kilichotokea nchini humo baada ya uhuru.

Tazama vita kutoka Lisbon pia

Hatua ya mwisho katika uchambuzi ni kuhamia upande wa pili na kuuliza Mreno wa kawaida aliona nini. Nchi yake, iliyokuwa miongoni mwa maskini wa Ulaya Magharibi, ilikuwa na vita vitatu: Angola tangu 1961, Guinea tangu 1963 na Msumbiji tangu 1964. Kijana aliitwa jeshini kwa miaka ipatayo minne, sehemu kubwa yake Afrika, na maelfu mengi walichagua kutorokea Ufaransa. Maofisa wa kudumu walirudishwa vitani mara ya pili na ya tatu. Chuo cha kijeshi kikakosa waombaji, na Julai 1973 serikali ikatoa amri iliyowaruhusu maofisa wa muda kupata vyeo vya kudumu baada ya kozi fupi. Makapteni waliosota miaka mingi wakaona wamedharauliwa, wakaanza kukutana kwa siri Septemba mwaka huo. Malalamiko yaliyoanzia kwenye vyeo yaligeuka upesi kuwa swali kuhusu vita vyenyewe. Januari 1974 walowezi wa Beira waliokuwa na hofu waliandamana kulitukana jeshi kwa kushindwa kuwalinda, na maofisa wakaona wanatakiwa kufa kwa ajili ya watu wanaowazomea. Tarehe 25 Aprili 1974 makapteni hao waliipindua serikali ya Caetano.

Epuka hapa kauli mbili zinazopendwa sana. Ya kwanza husema uhuru wa Msumbiji ulikuwa zawadi ya mapinduzi ya Lisbon. Ya pili husema FRELIMO iliishinda Ureno uwanjani na Lisbon haikuhusika. Uchovu wa makapteni ulitengenezwa Mueda, Tete na katika misitu ya Guinea, na bila uchovu huo wasingepindua mtu. Wakati huohuo, Aprili 1974 Wareno bado walikuwa wanaishika miji yote ya Msumbiji. Ushahidi unaoziunganisha pande hizo mbili uko katika miezi minne iliyofuata. Mwezi Juni, Mário Soares, waziri wa mambo ya nje wa serikali mpya ya Ureno, alikutana na Samora Machel mjini Lusaka akitaka mapigano yasimame kwanza; Machel akakataa kusimamisha vita kabla Ureno haijaukubali uhuru wenyewe. FRELIMO ikaendelea kupigana na ikafungua upya mapigano Zambezia. Tarehe 27 Julai Ureno ikatangaza sheria iliyotambua haki ya makoloni kupata uhuru. Tarehe 1 Agosti kikosi kizima cha Wareno huko Omar, karibu na Ruvuma, kilijisalimisha bila mapigano, askari zaidi ya 100 wakachukuliwa mateka na kuvushwa hadi Tanzania. Ukilipima tukio la Omar kwa risasi hulioni kabisa. Ukilipima kwa uwezo, utaona serikali iliyoketi mezani kujadiliana huku ikijua kwamba askari wake hawatapigana tena hata ikiwaamuru.

Mkataba wa Lusaka ulitiwa saini tarehe 7 Septemba 1974. Siku hiyohiyo walowezi waliopinga waliteka kituo cha redio cha Lourenço Marques na kukishikilia kwa siku tatu hivi, na ghasia zilizofuata zikaua watu katika vitongoji vya Waafrika. Serikali ya mpito chini ya Joaquim Chissano wa FRELIMO iliapishwa tarehe 20 Septemba, na uhuru ukatangazwa tarehe 25 Juni 1975, miaka 13 kamili tangu FRELIMO iundwe. Kabla ya kuandika aya yako ya mwisho, amua vita unavifunga katika tarehe ipi kati ya hizi na uieleze sababu. Anayeandika historia ya kijeshi anaweza kuishia Septemba 1974, bunduki za pande mbili ziliponyamaza. Anayeandika historia ya watu waliohamishwa kwa nguvu na Wareno na kufungiwa katika vijiji vya ulinzi huko Tete na Cabo Delgado itambidi aendelee hadi pale watu hao walipoanza kurudi kwenye mashamba yao.